Kompyuta au Umeme? Mada kwa Wazazi Wafanyabiashara wa Kikuubo

Katoni za sabuni, biskuti na mafuta ya kupikia zinazobebwa mabegani katika vichochoro vya soko la Kikuubo, Kampala, zimelipa karo za wanafunzi wengi wa Makerere na Kyambogo. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wa hapa huulizana: mtoto asome sayansi ya kompyuta au uhandisi wa umeme? Swali ni zuri, ila limechelewa kwa miaka miwili.

Uhandisi wa umeme hausomwi bila Hisabati na Fizikia. Katika kupanga alama za kuingia vyuo vikuu vya umma nchini Uganda, alama ya somo la lazima huzidishwa mara tatu, na ya somo linalohusiana mara mbili. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeikwepa Fizikia alipoingia kidato cha tano amekwisha kujifungia njia moja, pengine bila mzazi kujua. Muda nao hutofautiana. Makerere, sayansi ya kompyuta ni miaka mitatu, umeme ni minne. Kwa anayelipa karo kutoka kwenye mauzo ya duka, mwaka mmoja si jambo dogo.

Lakini fani hizi zinatofautianaje hasa? Jibu liko ukutani, kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mwenye duka analipa kwa simu, anapokea tarakimu 20, anazibonyeza, taa zinawaka. Tarakimu zile ni ujumbe uliofungwa kwa hesabu za siri: ndani yake mna kiasi cha umeme na dakika tokeni ilipotolewa, ili isitumike mara mbili. Hiyo ni kazi ya mtu wa kompyuta. Kupima umeme unaopita, kuunganisha na kukata mkondo, kuikinga mita umeme unapopanda ghafla, hiyo ni kazi ya mhandisi wa umeme.

Mwaka 2024 mita hizo zilitoa somo ambalo hakuna darasa lingelitoa vizuri zaidi. Dakika za tokeni zilihesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa ilikuwa biti 24, yaani dakika 16,777,216 tu. Hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Wateja wa Uganda, kama wenzao wa mita za LUKU Tanzania na wa Kenya, walilazimika kuingiza tarakimu za ziada ili mita zao ziendelee kupokea tokeni mpya. Uamuzi wa watu wachache juu ya ukubwa wa namba, miaka 30 baadaye, ulifika hadi vidoleni mwa muuza sukari wa Kikuubo. Anayevutiwa na namba hiyo ana moyo wa kompyuta. Anayetamani kulifungua lile sanduku aone mna nini ndani, huyo ni wa umeme.

Wapo wanaovutiwa na yote mawili, na historia iko upande wao. Claude Shannon alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1936 kwa umeme na hisabati pamoja; mwaka uliofuata akaonyesha kuwa swichi za umeme zinaweza kufanya hesabu za mantiki. Makerere penyewe, mradi wa AirQo ulioanza 2015 katika chuo cha kompyuta ulilazimika kuunda vifaa vya kupima hewa vinavyostahimili vumbi, joto na kukatika kwa umeme, vingine vikafungwa kwenye bodaboda. Gari la umeme la Kiira EV, lililozinduliwa 2011, lilihitaji mikono ya fani nyingi.

Hata hivyo, njia hizi hazivukiki kwa urahisi ule ule. Mhandisi wa umeme hufundishwa kuandika programu, na wengi huishia huko. Aliyesoma kompyuta hawezi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi wa umeme bila kurudi darasani. Kwa upande mwingine, kijana anayependa programu hana sababu ya kuteswa na mashine za umeme mwaka mzima wa ziada. Maduka yanayotoa risiti za kielektroniki za kodi, za EFRIS, yanahitaji watu wa aina yake leo.

Wazazi wenye watoto wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne wakae nao sasa, kabla ya masomo ya kidato cha tano kuchaguliwa. Mtoto ambaye bado hajaamua, na Fizikia anaiweza, achague PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati.