Sauti ya Mkutano na Kiambishi Kikanushi: Safu za Maikrofoni katika Vyumba vya Mikutano

1.0 Utangulizi

Usemi wa mkutanoni huishi mara mbili. Kwanza husikiwa na waliohudhuria. Kisha hugeuka kuwa kumbukumbu za kikao, taarifa rasmi au tafsiri. Tangu Februari 2022, Umoja wa Afrika ulipoidhinisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi, maisha hayo ya pili yamepata uzito mpya. Mkalimani aliyeketi kibandani hategemei masikio ya waliomo ukumbini. Hutegemea kile kilichopokewa na maikrofoni. Mhadhara huu unajadili namna maikrofoni zinavyoweza kupangwa ili zisikilize upande mmoja, na kwa nini jambo hilo, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, linamhusu pia mwanaisimu wa Kiswahili.

2.0 Konsonanti moja, maana mbili

Katika wakati ujao, ukanushi wa nafsi ya tatu umoja hubebwa na konsonanti moja tu: atalipa na hatalipa. Ndivyo ilivyo pia katika nafsi ya pili umoja: utalipa na hutalipa. Katika tutalipa na hatutalipa hali ni nyepesi zaidi, kwa sababu ukanushi umepewa silabi nzima.

Konsonanti hiyo ni h, sauti dhaifu, ambayo ni pumzi inayopita katika umbo la irabu inayofuata. Tena haikukaa mahali pa nguvu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani li katika hatalipa, mbali na kiambishi. Mjumbe akisema, "Mkandarasi hatalipa," irabu i ya mwisho wa neno la kwanza hubaki ikivuma chumbani na kuifunika h. Karani akiandika "Mkandarasi atalipa," kosa hilo halitaonekana kuwa kosa, kwa kuwa sentensi yake ni sanifu kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo.

3.0 Chumba kama mshiriki wa mazungumzo

Uchunguzi wa kisayansi wa mwangwi wa vyumba ulianza mwaka 1895, Wallace Clement Sabine alipotakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard ambamo maneno hayakusikika vizuri. Kwa kuingiza na kutoa mito ya viti, alionyesha kwamba muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na vitu vinavyofyonza sauti.

Kanuni inayofuata ni nyepesi. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja kinywani hupungua kwa desibeli 6, ilhali mwangwi hubaki karibu vilevile kila pembe ya chumba. Maikrofoni ikihamishwa kutoka sentimita 30 hadi mita 3, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 20. Kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii, kwani mwangwi nao hukuzwa pamoja na usemi.

4.0 Kazi ya safu

Maikrofoni kadhaa zikipangwa kwa mstari, sauti itokayo mbele kabisa huzifikia zote kwa pamoja. Itokayo ubavuni huzifikia moja baada ya nyingine. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, hivyo sentimita 10 huleta tofauti ya milisekunde 0.29. Kompyuta huchelewesha kila mkondo kwa kiasi kinachofaa kabla ya kuijumlisha yote. Sauti ya upande uliochaguliwa hulingana na kuimarika. Za pande nyingine hupishana na kufifia. Mwaka 1985 James Flanagan na wenzake wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha maelezo ya safu za namna hii, zinazoelekezwa kwa kompyuta katika kumbi kubwa. Maikrofoni 8 zinaweza kupunguza kelele zisizohusiana kwa desibeli 9 zikilinganishwa na usemi. Dhidi ya mwangwi, hasa wa masafa ya chini, faida huwa ndogo zaidi.

Ugumu wa usanifu umo katika nafasi baina ya maikrofoni. Nafasi hiyo haipaswi kuzidi nusu ya urefu wa wimbi. Ikizidi, safu huweza kudanganyika na kupokea upande usiotakiwa kana kwamba ndio uliochaguliwa. Kwa masafa ya hezi 8,000, ambamo kikwamizo s kina nguvu, nusu hiyo ni takriban sentimita 2. Lakini kwa hezi 200, wimbi moja lina urefu wa mita 1.7, na safu fupi haiwezi kulibagua. Konsonanti zinadai msongamano, irabu zinadai upana. Suluhisho mojawapo ni kupachika safu ndani ya safu: maikrofoni za katikati zikaribiane, za pembeni ziachane, na kila kundi lipewe masafa yake.

5.0 Suala la istilahi

Neno kipaza sauti hutumiwa kwa kifaa kinachopokea sauti na pia kwa kile kinachoitoa. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha kutofautisha. Katika maelezo ya usanifu, hata hivyo, vifaa hivyo viwili ni mahasimu: kimoja lazima kizuiwe kisimsikie mwenzake. Kwa hiyo inafaa maikrofoni ibaki kwa kipokezi, na safu itumike kwa mpangilio wake.

6.0 Hitimisho

Safu ya maikrofoni haiwezi kurejesha h ambayo msemaji hakuitamka, wala haichukui nafasi ya mwenyekiti anayewazuia wajumbe wasiseme kwa pamoja. Inaweza tu kupunguza sehemu ya chumba katika kile kinachofika kwa karani na mkalimani. Kwa sababu hiyo, majaribio ya ukumbi utakaotumia Kiswahili yasiishie kwenye kuhesabu namba kutoka moja hadi kumi. Msemaji asimame mwisho wa meza, atamke atalipa na hatalipa, utalipa na hutalipa, bila mpangilio. Na msikilizaji aliye kibandani aandike alichosikia. Ukumbi usioweza kutenganisha jozi hizo haujawa tayari kuandika ahadi za watu.