Kijana, Allah Amekupa Nini Mkononi?

(Mada iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Jumapili ya Ramadhan, baada ya swala ya Adhuhuri)

Shukrani zote ni za Allah (SW) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu vijana wa Majengo, Eastleigh, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora na mitaa yetu yote ya Eastlands, nawajua. Mmefunga, jua ni kali, na wengine mmekuja kwa sababu mama amesema lazima. Karibuni hivyo hivyo. Sitawaweka sana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliandaa siku kama hii. Tukaleta daktari, wakili na mhandisi. Kila mmoja akaeleza alivyosoma kwa bidii, tukapiga takbir, tukafuturu, tukaenda zetu tukiwa na furaha. Wakati wa kukunja mikeka, binti mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha nne akaniita pembeni. Akasema, "Ustadh, cheti changu kimezuiliwa shuleni kwa sababu ya karo. Sasa mimi nitakuwaje daktari?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Subiri binti yangu, Allah atafungua njia."

Baadaye ndipo nikajua kwamba mlango ulikuwa wazi, mimi ndiye sikuujua. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 hairuhusu mtu au shule kuzuia cheti cha mtahiniwa. Deni ni deni, na Muislamu hulipa deni lake, lakini cheti hakiwekwi rehani. Nikamtafuta kumweleza. Nikaambiwa wamehama mtaa. Mpaka leo sijui aliko. Kila Ramadhan namwombea dua, na kila Ramadhan nakumbuka kwamba siku ile alihitaji dua na habari pia. Mimi nilimpa moja tu.

Ndio maana leo sitaki kuwapa sifa za watu waliofaulu. Nataka tuzungumze juu yako wewe.

Mwangalie Zayd bin Thabit (RA). Mtume (SAW) alipohamia Madina, Zayd alikuwa mtoto wa miaka kama 11, yatima. Vita vya Badr vilipofika akataka kwenda, akarudishwa kwa sababu ya umri mdogo. Kijana wa leo angesema, "Basi, mimi sina maana." Lakini Zayd alikuwa na kichwa chepesi cha kushika na mkono mzuri wa kuandika. Mtume (SAW) akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu mwaminifu. Imepokewa kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Akawa mwandishi wa wahyi. Na baada ya vita vya Yamama, Abu Bakr (RA) alipotaka Qur'an ikusanywe, alimwita nani? Alimwita Zayd, kijana wa miaka ishirini na kidogo.

Umeona? Mlango mmoja ulifungwa, lakini kulikuwa na mtu mzima aliyemtazama vizuri akaona alichopewa na Mola wake. Hiyo ndiyo kazi ya siku kama ya leo. Basi nakuachia mambo matatu.

La kwanza, jijue. Usiku huu baada ya Tarawehe chukua karatasi. Andika kitu unachofanya bila kusukumwa. Andika kitu ambacho wenzako hukuomba uwasaidie. Kisha andika kitu kinachokushinda, na usijidanganye. Anayetengeneza simu za jirani ana kipaji. Anayepatanisha ndugu wakigombana, naye anacho. Lile sanduku la bati ulilobeba ukienda bweni, huenda lilifuliwa na fundi wa jua kali pale Kamukunji. Usidharau mkono unaofanya kazi ya halali.

La pili, jua milango. Ukiwa bado kwenye mfumo wa KCSE, fahamu kwamba C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia shahada, na C- inakufikisha kwenye diploma. Walio chini ya hapo wana kozi za vyeti na za ufundi. Kwa hiyo D si kaburi. Nyinyi wa mfumo mpya, ambao wenzenu wa kwanza waliingia gredi ya 10 Januari 2026, mnachagua mkondo mapema: sayansi, teknolojia na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Usichague kwa sababu rafiki yako kachagua. Na ukiambiwa jambo linalokufungia njia, uliza sheria inasemaje. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Najua pia wengi tunakaa chumba kimoja, mdogo analia, redio ya jirani iko juu. Maktaba za umma zipo: Kaloleni, Makadara, Buruburu. Zitumie.

La tatu, jenga tabia. Kule Mathare kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanza 1987. Ligi yao ilikuwa na jambo la ajabu: timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake, na vijana waliojitolea wakapata misaada ya karo. Ikiwa kwenye mpira usafi na huduma vinahesabiwa, itakuwaje kwetu sisi ambao dini yetu inaanza na twahara? Mtume (SAW) ametuusia tuutumie ujana kabla ya uzee, na nafasi kabla ya shughuli. Funga imekufundisha kuacha maji ya halali mchana kutwa. Utashindwaje kuacha bangi na miraa?

Wazazi wangu, mama zangu na baba zangu, nanyi nina neno. Mtoto akileta karatasi yake usiku huu, msicheke. Msianze na "Mtoto wa fulani amepata A." Someni mpaka mwisho, kisha muulizeni, "Nikusaidie wapi?" Ramadhan ya miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, wakati wa madeni ya karo na presha nyingi. Mtoto anayeogopa kusema nyumbani atakwenda kusemea kona ya mtaa, na kule watu wa kumsikiliza hawakosekani.

Na sisi viongozi wa vijana, tusikunje mikeka haraka. Swali la kweli huja mwisho, pembeni, kwa sauti ya chini. Leo tutabaki hapa mpaka Alasiri. Mwenye swali lake aje, na tusipolijua jibu tutaandika jina lake na kumtafutia, inshaallah. Hatutamwambia asubiri tu.

Allah azikubali funga zetu, awafungulie vijana wetu milango ya kheri, na yule binti popote alipo amjaalie njia njema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.