Tuonyeshe molekuli, tusiikariri tu: maneno kwa walimu na wanafunzi wa Lubumbashi



Leo tunakuja na jambo moja ya masomo. Mu kalasi mingi za mji wetu, mwalimu wa shimi anaandika ku tablo, wanafunzi wanakopya, wanakariri, wanangojea mtihani wa leta. Labo hakuna. Umbo la molekuli hakuna mwenye analiona. Sisi tunasema linaweza kuonekana, hata kama shule iko na ordinateri moja tu.

Tangu 2002, chuo kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, kinatoa bure michezo ya sayansi inayoitwa PhET. Kati yake kuna Molecule Shapes. Unaipakua mara moja pahali kwenye mega ziko, unaitia mu flashi, kisha inafanya kazi bila intaneti.

Namna ya kufundisha ni hii. Kwanza, ekra ikiwa ingali imezimwa, mwalimu aulize: CO2 na SO2, kila moja iko na atomu moja katikati na oksijeni mbili. Je, zina umbo moja? Kila mtu achore mu kaye yake, halafu wabishane na jirani. Pili, mwanafunzi mmoja ageuze molekuli ku ekra, wenzake wakimwongoza. Wataona CO2 imenyooka, digrii 180. SO2 imepinda, karibu digrii 119. Tatu, watafute sababu: sulfuri imebakia na elektroni mbili ambazo haikugawa na mtu, na hizo zinasukuma oksijeni pembeni. Ine, watengeneze molekuli kwa udongo na vijiti. Umeme ukikatika, somo linaendelea.

Kwa nini SO2? Sababu tunaishi nayo. Tanuru ya shaba ya Lubumbashi iliwashwa 1911. Ukiyeyusha madini ya shaba yenye sulfuri, hewa hii inatoka, inakutana na maji, inakuwa asidi. Upande ule upepo ulikuwa unapeleka moshi, miti ilikufa na ardhi ikabakia tupu. Katiba yetu, kifungu 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini kijana asiyejua ni nini kinachotoka mu shemine, atauliza kampuni swali gani?

Basi tunaomba. Serkali: kila shule ya sekondari ipate ordinateri, projekteri na umeme, kifungu 43 kinasema elimu ni haki. Walimu: gawaneni flashi, kutoka Kenya mpaka Ruashi. Wazazi: msimkatalie mtoto anayecheza na udongo kwa ajili ya shimi. Wanafunzi: mukiambiwa mukariri, ombeni kwa heshima muonyeshwe.

Inchi yenye kobalti na shaba mingi hivi haiwezi kuendelea kuwaachia wengine elimu ya mawe yake.

Tuko pamoja.