Nani Anasema na Nani? Mhadhara wa Uzinduzi wa Uprofesa



Desturi ya mhadhara huu humtaka profesa mpya aeleze kazi yake. Yangu imekuwa usalama wa mifumo iliyotawanyika, yaani kompyuta nyingi zilizo mahali mbalimbali zinazofanya kazi moja huku zikitegemea ujumbe tu kujuana. Tangu nianze nimekuwa nikifuata nyayo za Roger Needham wa Cambridge, Uingereza, aliyezaliwa 1935 na kufariki 2003. Mtaniwia radhi basi nikisema zaidi habari zake kuliko zangu.

Needham alisoma hisabati na falsafa, na falsafa hiyo haikumtoka. Miaka ya 1960 alifanya kazi kwenye kompyuta ya Titan, iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Nywila zao ilibidi zihifadhiwe kwenye faili fulani, na aliyelifikia faili hilo alikuwa amewapata wote. Akapendekeza kompyuta isihifadhi nywila yenyewe, bali zao la hesabu iliyo rahisi kwenda na ngumu kurudi. Mtu akiingiza nywila, hesabu inapigwa upya na mazao mawili yanalinganishwa. Bosi wake, Maurice Wilkes, alilieleza wazo hilo kitabuni mwaka 1968. Hadi leo zipo ofisi ambazo ukisahau nywila wanakutumia ileile uliyoisahau kwa barua pepe. Sizitaji, ila zinaposema zinajali usalama wenu, msisadiki.

Mwaka 1978 Needham na Michael Schroeder, wa kituo cha utafiti cha Xerox kule California, walichapisha makala iliyouliza swali jepesi kulitamka: kompyuta mbili zisizowahi kuonana, zikiwa kwenye mtandao ambao adui anaweza kusoma, kuzuia na kubadili chochote, zitathibitishianaje? Moja ya itifaki walizopendekeza, yaani taratibu za kupeana ujumbe, ukiondoa hatua za kutafuta funguo, ina jumbe tatu tu. Naomba tuzisome polepole.

Amina anataka kuongea na Bakari. Anabuni namba isiyoweza kukisiwa, tuseme 4471, anaiandika pamoja na jina lake, na kuufunga ujumbe kwa ufunguo wa umma wa Bakari, ambao yeyote anaweza kufungia ila Bakari peke yake ndiye awezaye kuufungua ujumbe. Bakari anafungua, anabuni namba yake, 9038, na kurudisha namba zote mbili zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa umma wa Amina. Amina akiiona 4471 anaridhika, maana asingeijua mwingine. Anamrudishia Bakari 9038, naye Bakari anaridhika kwa sababu hiyohiyo.

Mnaona kasoro? Hata waandishi hawakuiona, ingawa walimaliza makala kwa kuonya kwamba itifaki za namna hii huficha makosa madogo mno yasiyojitokeza katika matumizi ya kawaida. Mwaka 1989 Needham, pamoja na Michael Burrows na Martín Abadi, alitunga mantiki maalumu ya kuchunguza itifaki. Waliipitisha itifaki hii humo, na kasoro haikuonekana.

Aliyeiona ni Gavin Lowe, mwaka 1995, miaka 17 baada ya makala ile. Mchukueni Zuberi, mtumiaji halali mwenye ufunguo wake, ila si mwaminifu. Amina ana shughuli na Zuberi, kwa hiyo anamtumia ujumbe wa kwanza: jina lake na 4471. Zuberi anaufungua, anaufunga upya kwa ufunguo wa Bakari na kumpelekea. Bakari anadhani Amina anabisha hodi. Anajibu kwa 4471 na 9038. Zuberi hawezi kuufungua ujumbe huo, wala hana haja. Anampa Amina kama ulivyo. Amina anaiona namba yake, anaamini ni jibu la Zuberi, na kwa adabu anamrudishia Zuberi 9038. Zuberi anaipeleka kwa Bakari, na kuanzia hapo kwa Bakari yeye ndiye Amina. Hakuna kufuli lililovunjwa.

Dawa yake Lowe ilikuwa neno moja: Bakari aandike jina lake ndani ya ujumbe wa pili. Amina aliyetarajia Zuberi angeona "Bakari" na kusita hapohapo. Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kabla, 1994, Needham na Abadi walikuwa wameandika kanuni za uangalifu, ya kwanza ikidai kila ujumbe ubebe maana yake wenyewe, na nyingine kwamba jina la mhusika likiwa muhimu kwa maana hiyo, litajwe waziwazi. Dawa ya kazi yake ya 1978 ilikuwa tayari imetoka kwenye kalamu yake.

Kwa waliojikita zaidi kwenye mifumo kuliko kwenye siri: itifaki nyingine ya makala ile ya 1978, inayotumia funguo za pamoja, iliumbuliwa mapema zaidi. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha kwamba ufunguo wa zamani uliovuja unaweza kurudishwa kama mpya. Walipendekeza ujumbe upigwe muhuri wa wakati, na Kerberos, itifaki ya uthibitishaji ya MIT, ikafuata njia hiyo, kwa kawaida ikivumilia tofauti ya dakika tano. Saa za mashine zikaingia rasmi kwenye hesabu za usalama.

Sasa turudi kwetu. Nani humu hajapata ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii? Hautaji aliyeuandika, haumtaji unayeandikiwa, wala hela yenyewe. Maana yote unaijaza wewe unayedaiwa kodi au ada. Ni kosa lilelile ambalo Needham alitutahadharisha nalo, safari hii likiwa limetengenezwa kwa makusudi. Kampuni za simu zilijibu kama Lowe: kabla ya namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini. Matapeli nao wakaongeza maneno mawili, "jina litakuja", kisha jina la mtu usiyemfahamu. Mlipaji analiona, analikuta sawa na aliloambiwa, na anabonyeza.

Zana za leo za kuhakiki itifaki ni hodari: TLS 1.3, itifaki inayolinda mawasiliano ya wavuti, iliyotoka 2018, ilichunguzwa nazo hata kabla ya kuchapishwa. Lakini humo mna Amina na Bakari walio mashine, wanaolinganisha jina na jambo walilolianzisha wenyewe. Binadamu analilinganisha na ujumbe wa mwisho aliousoma. Mimi na wanafunzi wangu tunajaribu kumwingiza mtu huyo ndani ya itifaki kama mshiriki kamili, mwenye kumbukumbu fupi na haraka nyingi, kisha tuulize skrini imwonyeshe nini ambacho Zuberi hawezi kumtajia mapema.