Kinywaji cha kuongeza nguvu: tuulize nini mbele ya kukubali jaribio?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Lubunga. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuvuka mto siku ile.)



Kamati imeniomba niwaeleze juu ya kile kinywaji ambacho shirika letu linataka kujaribu kwa watu wazima 30 wa ushirika huu. Munajua ninafanya kazi na shirika hilo, kwa hiyo ninasema mapema: sikuja kuwauzia kitu. Nimekuja kuwaeleza jaribio ni nini, ili mukisema ndiyo iwe ndiyo yenu, na mukisema hapana iwe hapana yenu.

Kwa nini watu wazima? Tangu mgogoro wa 2023 ulipotutawanya, tumezoea kuona mkanda wa kupima mkono ukifungwa kwa watoto. Mtoto akiwa mwembamba sana anapewa ile pakiti ya karanga, Plumpy'Nut. Ni vizuri. Lakini mzee aliyekaa miezi kwenye site kule Kisangani, akarudi akakuta shamba limekuwa pori, nani anampima? Mama anayenyonyesha, anayekula mwisho ili wengine washibe, nani anampima? Mtu mzima anajificha ndani ya nguo. Ukimuuliza anajibu, "Niko muzima, nimechoka tu."

Kwa hiyo mushike hesabu hii. Mtu wa urefu wa mita 1.60 akiwa chini ya kilo 47, amekonda kupita kiasi. Wa mita 1.70, ni chini ya kilo 53. Huyo wa 1.60 akishuka chini ya kilo 41, au yule wa 1.70 chini ya kilo 46, hapo ni hatari kubwa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mama mwenye mimba hapimwi kwa kilo hizi. Yeye anapimwa mkono. Na mtu akikonda bila sababu, au anakohoa wiki mbili, kwanza apimwe kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Hakuna kinywaji kinachotibu kifua kikuu.

Sasa, juu ya majaribio yenyewe. Watu wanafikiri kinywaji chenye nguvu nyingi njo kizuri zaidi. Siyo hivyo kila mara. Wakati wa njaa ya Somalia, 1992 na 1993, kulikuwa kituo cha kulisha watu wazima katika mji wa Baidoa, cha shirika la Concern. Waganga walilinganisha milo miwili: mmoja wenye protini nyingi, mwingine wenye protini karibu nusu yake. Kwa wagonjwa waliokuwa wamevimba miguu na mwili, wale walioanza na mlo wa protini kidogo vifo vyao vilishuka hadi theluthi moja hivi. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ni kama moto uliobaki makaa: ukiutupia gogo kubwa unauzima. Kwa sababu hiyo hospitali zinaanza na maziwa mepesi yanayoitwa F-75, halafu mgonjwa akipata nafuu wanapanda F-100. Hata mtu mzima anaanza hivyo. Kwa hiyo mtu aliyekonda kabisa, au aliyevimba, haingii katika jaribio letu. Anaenda hospitali.

Mfano wa pili ni Malawi. Pale Blantyre walichukua watu wazima 491 waliokonda, wote wakianza dawa za UKIMWI. Wengine walipewa chakula laini cha karanga kilichoongezwa vitamini, wengine unga wa mahindi na soya. Baada ya wiki 14, wale wa karanga waliongezeka uzito zaidi kidogo. Lakini vifo havikutofautiana. Na kule Mwanza, Tanzania, pamoja na Lusaka, Zambia, walifuata watu 1,815 wa namna hiyo. Kundi moja lilipewa chakula cha mafuta chenye vitamini na madini mengi, kundi lingine chakula kile kile bila nyongeza hiyo. Vifo vilikuwa karibu sawa.

Kwa nini ninawaambia hayo? Ili mujue kwamba kupanda kilo ni jambo moja, na kupona ni jambo lingine. Jaribio letu ni la watu 30 kwa wiki nne. Jaribio dogo linajibu swali dogo: je, watu wanakubali kukinywa, wanakimaliza, na tumbo linakikubali? Basi. Kesho mtu akiwaambia, "Kinywaji hiki kiliokoa watu wa Lubunga," mumuulize alihesabu wapi.

Tutafanya namna hii. Watu 15 watakunywa kopo mbili kwa siku, katikati ya chakula na chakula, siyo pahali pa chakula. Watu 15 wengine watapewa uji wa mahindi na soya, wenye mafuta ya mawese na sukari. Kura itaamua nani anaingia wapi. Siyo kamati, wala siyo mimi. Kundi la uji ni la lazima. Wakati wa mbinzo, au mpunga mpya ukitoka, kila mtu anaongezeka kilo hata bila kinywaji. Bila kulinganisha, tutakisifu kinywaji kwa kazi ya mbinzo.

Kila siku tutaandika mambo manne: kiasi kilichobaki kwenye kopo, tumbo (kuharisha, gesi, kutapika), ladha, na chakula cha nyumbani. Juu ya tumbo, mujue kwamba watu wazima wengi wa Afrika hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Mtu akivimba tumbo baada ya kunywa, asione haya, aseme. Maji ya kuchanganya yatachemshwa au kutiwa dawa, kolera munaijua. Na mwenye ugonjwa wa sukari aseme mapema, kwa sababu kinywaji ni kitamu sana.

Jambo la chakula cha nyumbani ni gumu zaidi. Mama atapewa kopo, atamwachia mtoto nusu. Hatutamkaripia, lakini lazima tuandike. Na kuna nyumba ambamo watasema, "Wewe unakunywa ya shirika, basi lituma ni yetu." Hapo mtu ameongezewa kopo, amepunguziwa sahani, na uzito unabaki pale pale. Jamaa wa nyumba waelezwe pia, siyo mgonjwa peke yake.

Sasa haki zenu. Mbele ya kutia sahihi au kidole, kila mmoja aulize: Nani analipia jaribio, na je, ni yule anayetengeneza kinywaji? Nikipata shida usiku, nani ananipeleka, na nani analipa dawa? Jina langu litaonekana wapi? Wiki nne zikiisha, ninabaki na nini? Majibu tutayaandika kwa Kiswahili na Kilingala, na muuguzi wa kituo cha afya atakuwepo mukisomewa. Anayekataa hapotezi nafasi yake kwenye mbegu, wala kwenye likelemba, wala kwenye orodha yoyote. Anayekubali leo anaweza kuacha kesho bila kueleza sababu. Kamati ikiona mtu analazimishwa, isimamishe kazi. Hilo nimeomba liandikwe kwenye mkataba.

Neno la mwisho ni juu ya mfuko wa ushirika. Nimesikia wengine wanapendekeza tununue makopo ya unga wa kuongeza nguvu sokoni, tuwagawie wazee. Ninawaomba tusubiri. Picha ya mtu mnene kwenye kopo siyo matokeo ya jaribio. Na vile vidonge vya kunenepesha, kama deksametazoni, tuviache kabisa. Vinavimbisha mashavu na kujaza maji mwilini, huku mifupa na kinga ya mwili vinaharibika. Franga zile zile zikinunua soya, karanga na samaki wadogo wakavu, tukasaga na kupika pamoja, tunajua kilichomo ndani ya sufuria. Pondu yenye mawese na karanga, mbinzo kwa wakati wake, yai pale linapopatikana: hivyo mzee atakula na baada ya wiki nne kwisha.

Kuanzia wiki ijayo mizani itakuwa kwa katibu, pamoja na fimbo ya kupima urefu. Kila mwanachama apimwe, anayekubali jaribio na anayekataa. Tukiwa na kilo zetu zilizoandikwa, shirika lolote likija, letu au la wengine, tutaongea nalo tukijua nani kati yetu anapungua. Na yule aliye chini ya mstari asingoje jaribio. Tumpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo.

Maswali sasa, na wamama waanze.