Mdudu Anayejaza Mkungu wa Mchikichi

(Mazungumzo kwa wakulima wa Simbo, Kigoma)

Leo tuzungumze habari ya mkungu wenye mapengo. Kwa nje ni mkubwa, lakini ukiupasua unakuta ngazi chache, na nyingine zimesinyaa, hazina mise. Watu husema udongo umechoka. Yawezekana, lakini yafaa kwanza uulize kama maua yalipata mdudu wake.

Mnalijua tunda la mkuyu: ukilipasua hukosi vidudu. Mkuyu huwapa mahali pa kuzaa, nao huupelekea chavua ili upate mbegu. Mchikichi nao una rafiki wa namna hiyo.

Kila mchikichi hutoa maua ya kiume na maua ya kike, lakini si kwa wakati mmoja. Basi ua la kike hungojea ule unga wa njano, yaani chavua, utoke mti mwingine. Upepo husaidia kidogo. Kazi kubwa ni ya mdudu mdogo mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele. Yeye hula na kutaga mayai katika ua la kiume, ambalo lina harufu tamu. Ua la kike nalo hutoa harufu kama hiyo. Mdudu hudanganyika, akaliendea huku amejipaka chavua. Yeye hapati kitu, bali wewe unapata ngazi.

Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi. Watu wa Malaysia walipanda mashamba makubwa, lakini mdudu huyu hawakuwa naye. Kwa miaka mingi walilipa vibarua kutia chavua kwa mkono, ua kwa ua. Mwaka 1981 walimleta mdudu kutoka Kamerun, na kazi ile ikaachwa. Sisi tunaye bure. Basi tumtunze hivi:

1. Usikate maua ya kiume, wala usiyachome mara yanaponyauka. Watoto wa mdudu wamo ndani, nao huhitaji wiki mbili hivi kukua.

2. Usinyunyize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Adui ni chonga, yule mkubwa mwenye pembe. Huyu mdogo ni kibarua wako.

3. Ukipanda miche ya tenera, usiangushe michikichi yote ya zamani kwa mara moja. Tenera ikiwa changa hutoa maua mengi ya kike na machache ya kiume, kwa hiyo huhitaji jirani wa kuipa chavua na wadudu. Chavua ya mti wa zamani haiharibu ngazi za tenera. Lakini mbegu za ngazi hizo usizipande. Miche bora hupatikana kituo cha utafiti cha Kihinga.

Kesho asubuhi nenda shambani, utafute ua la kiume lililofunguka, ulitazame kwa karibu. Ukiona wadudu wamejaa, usiwaguse. Wamekwisha kuanza kazi kabla yako.