Spika za Laptopu Mpya Zikikwaruza: Sikilizeni Kwanza, Bisibisi Baadaye

Maneno haya yalisemwa katika siku ya mafunzo ya makatibu na waweka hazina wa vikundi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Nimeombwa niseme juu ya laptopu za vikundi, na hasa juu ya swali moja ambalo nimeulizwa na vikundi vitatu mwaka huu. Mashine ni mpya, imetoka juzi kwenye boksi, lakini mkiwasha video inakwaruza, ta-ta-ta, kama bisi zikipasuka kwenye sufuria. Tufanye nini?

Kuna mzee hapo mbele anacheka. Mzee wangu, si jambo dogo hilo. Kikundi hakinunui laptopu ya kuandikia barua tu. Wanachama wetu wengi hujifunza kwa sikio. Mama ambaye macho yamechoka hawezi kusoma kijitabu cha ugonjwa wa kiwele, lakini akisikia maelezo kwa lugha anayoielewa, kesho yake anakamua kwa mikono safi. Sauti ikiharibika, somo nalo limekwenda.

Halafu kuna pesa. Nawajua akina mama fulani, wafugaji wa mbuzi wa maziwa, walioweka akiba miezi minane wakanunua laptopu. Wiki ya kwanza ikaanza kukwaruza. Wakamwita kijana anayetengeneza redio sokoni. Kijana hana ubaya, alifanya anachojua: akachukua bisibisi, akafungua, akaangalia spika, akaona ziko sawa, akafunga. Mkwaruzo ukabaki palepale. Baadaye mwalimu mmoja alizima kitu kidogo ndani ya programu, na sauti ikawa safi kabisa. Wakafurahi. Lakini mwezi wa tano vitufe vya kuandikia vikakataa kufanya kazi. Waliporudi dukani, muuzaji akageuza mashine, akaona kile kibandiko cha duka kimechanika, akasema waranti imekwisha. Vitufe vipya wakalipia wenyewe, kwa ajili ya ugonjwa wa spika ambao haukuwa wa spika.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kujua kelele inatoka wapi. Mkwaruzo unaweza kutoka kwenye rekodi yenyewe, kwenye programu, kwenye umeme, au kwenye spika. Ni spika tu inayohitaji kufunguliwa, na mashine ikiwa mpya anayefungua ni yule mwenye waranti. Kujua hayo kunahitaji masikio na dakika kama ishirini hivi.

Anzeni na rekodi. Chukueni rekodi mbili tofauti, moja iwe ile mliyokwisha kuisikia kwenye simu ikiwa safi. Rekodi nyingi tunazotumiana kwa simu zilikwisha kuharibika pale zilipochukuliwa, kwa sababu mtu alipiga kelele karibu sana na simu. Hakuna laptopu itakayozitengeneza. Kama rekodi moja inakwaruza na nyingine haina neno, laptopu yenu ni nzima.

Kisha shusheni sauti mpaka nusu. Spika za laptopu ni ndogo mno, nyingi zina nguvu ya wati mbili hivi kila moja. Hazikuundwa kwa mkutano wa watu hamsini chini ya mwembe. Tena programu nyingine za kuchezea video, kwa mfano VLC, zinaruhusu kupandisha sauti kupita asilimia 100. Ukipita hapo unakata vichwa vya sauti, na hata spika nzuri italia kama debe. Ikiwa kwa nusu sauti ni safi, msiilaumu mashine. Tafuteni kipaza sauti cha nje.

Inueni laptopu mwitazame. Spika nyingi siku hizi ziko chini ya mashine, zinaelekea mezani. Sasa sisi na heshima zetu tunatandika kitambaa, tunaiweka laptopu juu yake, tumeziziba mdomo! Na ile karatasi ya plastiki ya kiwandani, ambayo watu hawataki kuibandua ili mashine ibaki mpya, ikilegea pembeni inatetemeka na kulia. Ibandueni. Wekeni mashine juu ya meza ngumu, ondoeni sarafu na funguo zilizo karibu, msikilize tena.

Sasa nakuja kwenye jaribio ambalo nalipenda kuliko yote. Chomekeni hedifoni, hata zile waya za masikioni za simu. Kwanza zijaribuni kwenye simu mhakikishe ni nzima. Chezeni rekodi ileile kwenye laptopu. Kama ndani ya hedifoni sauti ni safi, na mkichomoa mkwaruzo unarudi, basi shuku spika zenyewe. Kama mkwaruzo umo hata ndani ya hedifoni, basi kwa kawaida spika hazina kosa. Kelele imeanza kabla ya kufika kwenye spika, na mara nyingi ni mambo ya programu. Lile jaribio la hedifoni lingewaokoa wale akina mama wa mbuzi.

Kama mnashuku spika, endeleeni kidogo. Kwenye Windows 11, ingieni "Settings", kisha "System", kisha "Sound", mfungue jina la spika zenu. Mtaona upande wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na kipimo chake. Shusheni mmoja hadi sifuri, msikilize, halafu mgeuze. Mkwaruzo ukikaa upande mmoja tu, ni dalili kubwa kwamba spika ya upande ule ni mbovu. Ndani ya spika mna ngozi nyembamba iliyoshikana na waya uliosokotwa, na waya huo unacheza karibu na sumaku. Ngozi ikipasuka au uchafu ukiingia hapo, hakuna dawa ya programu. Mashine irudi dukani.

Na kama ni programu? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu hukata tamaa mapema. Kompyuta hupeleka sauti kwa vipande vidogo vidogo, kama watu wanaopitishiana matofali mkono kwa mkono. Mmoja akishughulika na jambo jingine, tofali linachelewa, na wewe unasikia "ta". Mashine mpya, siku zake za kwanza ikipata intaneti, ina shughuli nyingi: inapakua programu, inajirekebisha, inajikagua. Basi iacheni kwenye umeme na intaneti kwa saa kadhaa imalize. Baadaye chagueni "Restart". Si kuzima na kuwasha, maana Windows ikizimwa kwa kawaida huwa haijisafishi yote, "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa.

Ikiwa bado, rudini palepale kwenye jina la spika, mtafute maneno "Audio enhancements", mzime. Hayo ni madoido ya kuremba sauti, na mara nyingi yanaiharibu. Hicho ndicho kitu kidogo alichozima yule mwalimu. Kisha jaribuni kuzima mawasiliano yote kwa alama ya ndege, yaani "Airplane mode", mcheze rekodi iliyo ndani ya mashine. Mkwaruzo ukiisha, ile programu inayoendesha waifai ndiyo inayozuia njia, itafutiwe toleo jipya. Hata sauti ina programu yake ya kuiendesha, inaitwa draiva. Ichukueni kwa "Windows Update" au kwa mtengenezaji wa laptopu mwenyewe. Tovuti zinazotangaza "draiva za bure" ziacheni, huko mtaletewa wageni wasioalikwa.

Umeme nitaupitia haraka. Chomoeni chaja, msikilize kwa betri. Kelele ikiondoka, jaribuni chaja yake halisi kwenye soketi nyingine. Mlio wa "mmm" unaosikika mkiunganisha na amplifaya, hasa kwenye inveta ya sola ya bei rahisi, ni jambo la umeme. Na kile kishindo kimoja kidogo cha "tap" sauti inapoanza, kisha kunyamaza, kwa kawaida ni mfumo wa sauti unaoamka usingizini. Msikipotezee muda.

Bwana katibu, andika kila mlilojaribu na tarehe yake. Rekodini ule mkwaruzo kwa simu. Mkifika dukani na maneno kama "tumejaribu rekodi mbili, hedifoni ni safi, upande wa kulia ndio unaokwaruza," muuzaji atawasikiliza tofauti na yule anayekuja akisema "haifanyi kazi vizuri."

Mkiambiwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, msiondoke kimya. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kufaa, na tangu 2012 tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani zaidi, nayo inadai bidhaa iwe na hali ya kuuzika. Lakini ina mtego wake, dada zangu. Kama mliikagua bidhaa kabla ya kununua, haiwatetei kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuionyesha. Pia mkikaa nayo muda mrefu bila kulalamika, mtahesabiwa mmeikubali. Kwa hiyo sikilizeni mle mle dukani. Nendeni na rekodi yenu kwenye flash na hedifoni mfukoni, mwombe mashine iwashwe, mcheze dakika tano. Duka likiwa na kelele, ombeni nafasi pembeni. Anayekataa mjaribu, mimi nisingempa pesa za kikundi.

Risiti iandikwe jina la kikundi pamoja na ile namba iliyo chini ya mashine. Waranti ikae kwenye faili ya mweka hazina, isikae nyumbani kwa aliyetumwa kununua. Na boksi msilichome.

Maswali tutachukua baadaye. Naona kikundi cha wafugaji wa kuku mmekuja na laptopu yenu, na kijana wenu ana hedifoni shingoni. Ileteni hapa mbele. Mama mwenyekiti, funga mlango huo kwanza, kelele za soko zinaingia.